Nizhny Novgorod ndani ya laptopu yangu

Mwaka 2017 bando liliniishia saa nane usiku nikisubiri faili moja tu limalize kushuka. Jina lake ippicv. Nilikuwa Mtwara, kwenye chumba cha wageni chenye feni inayolia kama mlango wenye kutu, naijenga OpenCV, maktaba ya programu za kuifanya kompyuta ielewe picha, upya kutoka kwenye msimbo wake kwa sababu toleo nililokuwa nalo lilikuwa linasuasua. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu magunia ya korosho kwa kamera katika ghala moja huko kusini, na asubuhi mwenye ghala alikuwa anakuja kutazama. Faili likagoma njiani. Nikavaa kandambili nikatoka kutafuta duka la vocha, saa hizo nani yuko wazi, nikarudi nikajitupa kitandani na nguo zangu.

Ndipo nikajiuliza kwa hasira: hii ippicv ni mdudu gani, na nani kamleta humu?

Nimekuja kumjua baadaye, na tangu hapo kila nikisikia viongozi wetu wakizungumzia "uchumi wa chipu" huwa namkumbuka. Ippicv ni kipande cha maktaba ya programu ya Intel, kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu, iitwayo IPP, kinachotolewa bure ili OpenCV ikimbie kwenye prosesa za Intel. Na IPP hiyo, kama ilivyo OpenCV ya mwanzo, kwa sehemu kubwa ilitoka mikononi mwa watu walioketi Nizhny Novgorod, mji wa Urusi ulio kama kilomita 400 mashariki ya Moscow, pale mto Oka unapoingia Volga. Intel ilifungua kituo chake cha programu pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikakua hadi kuwa kimojawapo cha vikubwa ilivyokuwa navyo Ulaya. Hawakuwa wanachonga chipu pale. Walikuwa wanaandika programu.

Mtu akisikia kampuni ya semikondakta, yaani ya chipu, anaona vyumba vyeupe na watu waliojifunika hadi puani. Vyumba hivyo vipo, na ni vya gharama ya kutisha. Lakini chipu ikishatoka kiwandani haijui kufanya chochote. Chukua picha moja ya kamera ya kawaida, upana nukta 1920 na kimo nukta 1080, isiyo na rangi. Hizo ni nukta 2,073,600. Ukitaka kuing'arisha kidogo, programu iliyoandikwa kivivu itaigusa nukta moja, iongeze, iende ya pili, ya tatu, mpaka milioni mbili. Prosesa ya Intel yenye maagizo ya AVX2 inaweza kushika nukta 32 kwa mkupuo, kwa hiyo hatua zile milioni mbili zinashuka hadi 64,800. Ila prosesa haifanyi hivyo kwa hiari yake. Lazima awepo mtu aliyekaa chini akaandika kwamba hapa shika 32, na huku mwishoni mwa mstari, nukta zisipotimia 32, fanya hivi. Asipokuwepo, umenunua sufuria ya kupikia shughuli na unachemshia chai ya mtu mmoja.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa Nizhny.

Na kazi yake si ya kumalizika. Intel ilileta maagizo ya namna hiyo yaitwayo MMX mwaka 1997, SSE mwaka 1999, AVX mwaka 2011, na kila kizazi kinataka maktaba ziguswe upya. Kazi ile ile ya kufifisha picha iandikwe kwa prosesa ya zamani, iandikwe tena kwa mpya, ipimwe, ilinganishwe na jibu sahihi nukta kwa nukta, halafu mtu aandike maelezo ili kijana wa Mtwara aelewe. Unashinda wiki nzima kutafuta kwa nini jibu linakosea kwenye picha yenye upana usiogawanyika kwa nane tu. Waziri hawezi kuja kukata utepe wa kazi hiyo. Nimefanya kidogo ya namna hiyo, na nakiri ilinishinda uvumilivu. Kuna watu wameifanya miaka 15.

Sasa swali ambalo wanafunzi huniuliza kila nikiwasimulia haya: kampuni inawalipa watu kuandika programu halafu inazigawa bure, inafaidi nini? Inafaidi sana. OpenCV ilianza ndani ya Intel mwaka 1999, ikiongozwa na Gary Bradski, na upande wa Urusi timu ikawa chini ya Vadim Pisarevsky. Toleo la majaribio lilionyeshwa hadharani mwaka 2000. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kompyuta zinazoona zinakula nguvu nyingi za prosesa, na anayetaka nguvu za prosesa atakwenda dukani kununua prosesa. Ukiwapa watu njia rahisi ya kuifanya kompyuta ione, umewapa sababu ya kununua kompyuta kubwa zaidi. Ni chambo, na mimi ni samaki niliyekimeza kwa furaha. Fungua lile faili la kutambua nyuso ambalo karibu kila mwanafunzi wa fani hii amewahi kulitumia, soma mistari ya juu kabisa, utakuta leseni na haki miliki ya Intel ya mwaka 2000. Wanafunzi wangu wengi wamelitumia bila kusoma mistari hiyo. Gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililoshinda mbio za magari yasiyo na dereva jangwani Marekani mwaka 2005 lilitumia OpenCV pia. Gari lile na magunia yangu, chambo kimoja.

Kwa nini Nizhny, lakini? Hapo ndipo pananipa mawazo.

Mji ule zamani za Wasovieti uliitwa Gorky, na wageni walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Ndiyo maana Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyegeuka mkosoaji wa serikali, alipelekwa uhamishoni huko kuanzia 1980 hadi 1986: hakuna mwandishi wa habari wa kigeni angemfikia. Ulikuwa mji wa viwanda vya silaha, wa magari ya GAZ, na wa hesabu. Mwanahisabati Lobachevsky, yule aliyethubutu kusema mistari sambamba inaweza kuwa na tabia tofauti na alizozifundisha Euclid wa Ugiriki ya kale, alizaliwa pale mwaka 1792, na chuo kikuu cha mji kina jina lake. Mwaka 1963 chuo hicho kilifungua kitivo cha hesabu za kompyuta na sibanetiki (elimu ya mifumo inayojiongoza), cha kwanza katika Urusi yote ya Kisovieti. Na ndani ya mkoa huo huo kuna Sarov, mji uliokuwa hauchorwi kwenye ramani, ambako bomu la kwanza la nyuklia la Wasovieti lilibuniwa. Dola lilipovunjika mwaka 1991 kukabaki watu waliobobea katika hesabu na mishahara inayochelewa kwa miezi. Intel ilikuwa na timu Sarov pia.

Kwa hiyo tusidanganyane. Kampuni haikwenda kule kwa mapenzi ya mto Volga. Ilifuata akili nyingi kwa bei nafuu. Wapo wenzangu wanaoliona hilo kuwa unyonyaji mtupu, tumewahi kubishana hadi chai ikapoa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka 2005 baadhi ya waliotoka katika kituo kile walianzisha kampuni yao palepale mjini, Itseez, wakawa ndio waliobeba OpenCV kwa miaka wakati Intel yenyewe imepunguza hamu nayo. Mwaka 2016 Intel ikarudi kuinunua Itseez. Hebu fikiri: kampuni kubwa inakulipa mshahara, unaondoka na ujuzi kichwani, unajenga chako, halafu inarudi kukilipia. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, ikatoka OpenVINO, programu ya kuendeshea mitandao ya neva, mifumo ya akili bandia, kwenye chipu za Intel, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya watu wa mji ule ule. Kituo kilikuwa kimeota mizizi hadi nje ya ukuta wake.

Kisha likaja la 2022. Urusi ikaivamia Ukraine mwezi Februari, na Aprili Intel ikatangaza kusimamisha shughuli zake zote Urusi. Ilikuwa na wafanyakazi 1,200 nchini humo. Miaka zaidi ya 20 ya kujenga, na uamuzi ukasomwa katika taarifa fupi. Sitetei vita ile hata kidogo, na sidhani Intel ilikuwa na njia nyingine. Ila yeyote anayeota kituo cha namna hii nyumbani kwake na aisome taarifa hiyo mara mbili. Jengo ni la kampuni. Akaunti unayoingilia kazini ni ya kampuni. Ya kwako ni yale uliyokuwa umeyaweka hadharani, na yaliyo kichwani.

Narudi kwetu. Mei 2024 Marekani ilitangaza kwamba itashirikiana na Kenya katika kukuza sekta ya semikondakta, na tayari pale Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayofanya kazi ya vitu vidogo kupita macho. Naifurahia, na nawatakia kila la heri. Lakini tazama mazungumzo yanavyokwenda mitandaoni baada ya habari kama hizo: kiwanda, kiwanda, kiwanda. Lini tutachonga chipu Konza, lini Kibaha. Hakuna anayeuliza nani ataandika programu za chipu hizo, wakati upande huo hauhitaji maji safi kupindukia wala umeme usiokatika hata sekunde moja. Unahitaji walimu wa hesabu, kompyuta nzuri kiasi, intaneti, na watu wasiohamahama kila miezi sita.

Hilo la mwisho ndilo tatizo letu, na nalisema nikijihesabu. Vijana wetu wanajua kujenga aplikesheni, tena haraka. Tumezoea shindano la siku mbili, cheki kubwa ya karatasi ngumu, picha, kwaheri. Ukimwambia mtu akae miaka minne na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, anakuangalia kama umemroga. Na si kosa lake peke yake, maana hakuna anayemlipa kwa miaka hiyo minne. Kampuni za nje zikija Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi tunachopata ni ofisi ya mauzo iliyopewa jina la kituo cha ubunifu: viti vya rangi, mashine ya kahawa, na wahandisi wanaotafsiri mahitaji ya wateja kuwa barua pepe.

Kwa hiyo siku kampuni ya chipu ikibisha hodi kweli kweli, mimi ningeiuliza jambo moja kabla ya kuuliza ajira ngapi: majina ya watu wetu yataonekana kwenye msimbo gani, na msimbo huo utakuwa wazi au umefungiwa? Pisarevsky na wenzake majina yao yapo kwenye historia ya OpenCV, mstari kwa mstari, na hakuna taarifa ya makao makuu inayoweza kuyafuta. Hiyo ndiyo pensheni yao. Kituo kinachofungia kila kitu ndani kinaweza kulipa vizuri, sikatai, ila siku kikifungwa mtu anatoka na kiroba cha vikombe na picha za sherehe.

Ya Mtwara yaliishaje? Asubuhi nilipata bando, faili likashuka, programu ikajengwa, na picha zikaanza kwenda bila kukwama. Nikajiona bingwa kwa kazi ya watu wengine. Tukawasha kamera, makuli wakaanza kupakia. Pembeni alikaa karani mmoja mzee na daftari lake la mistari, kila gunia kijiti, vijiti vitano fungu. Mwisho wa lori la kwanza yeye ana 212, kamera ina 240.

"Shikamoo mzee," nikamsogelea, "hebu tuangalie pamoja."

"Marahaba. Kijana, mtambo wako unahesabu na jua."

Akanionyesha kwa kalamu. Bati la paa lilikuwa na tundu, mwanga ukaanguka sakafuni kama sahani, na baadhi ya makuli wakipita juu yake kamera ilikuwa inaona kitu kipya kimeingia. Kasi ya Nizhny ilikuwa imenisaidia kukosea haraka zaidi. Nilimaliza siku tatu kurekebisha, siku nyingine nikatafuta ngazi tukaziba tundu.

Nilipita tena pale msimu uliopita. Kamera bado ipo na inahesabu vizuri. Mzee naye yupo, na daftari lake. Siku hesabu zikitofautiana, wanafuata daftari.