Kuuliza "Uliandika Mwenyewe?" Si Wivu

Mwezi wa nne tulikutana watu tisa katika chumba kilicho juu ya duka la simu hapa Kisumu, kila mmoja na kipakatalishi chake, kushindanisha programu zetu za kucheza sataranji. Wengi huku husema chesi, nami nitasema chesi. Sharti lilikuwa moja, nalo liliandikwa juu kabisa ya fomu: kila mshiriki alete injini yake mwenyewe, yaani programu yake inayocheza chesi. Kufikia saa kumi jioni mshindi alikuwa amejulikana, kijana wa Kakamega ambaye injini yake haikupoteza mchezo hata mmoja. Mimi ndiye niliyesimamia mechi. Kabla ya kumkabidhi zawadi niliomba nikae mbele ya mashine yake. Nikaifungua injini peke yake, bila ule ubao wa picha, nikaandika herufi moja tu, d, nikabonyeza Enter. Ubao ukajichora kwenye skrini kwa vistari na alama za kujumlisha, na chini yake ikafuata mistari inayoanza na Fen, Key na Checkers. Aliyewahi kukaa usiku mmoja na Stockfish, ile injini ya chesi inayojulikana dunia nzima, anaijua sura hiyo.

Sikumshika akidanganya, na hilo nataka lieleweke mapema. Nilipomgeukia alijibu papo hapo, bila kubabaika: "Ndiyo mzee, ni Stockfish. Nimebadilisha jina na namba kadhaa ndani. Msimbo wake, yale maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa kila mtu. Sasa kosa langu liko wapi?"

Zawadi ilibaki mezani. Tangu siku hiyo wapenzi wa mchezo huu, kutoka hapa hadi Nakuru, wamegawanyika, na sauti inayosikika zaidi ni ya wale wanaosema sisi tuliouliza tuna wivu wa walioshindwa, kwamba tunawalazimisha vijana wafyatue matofali wakati nyumba imeshasimama.

Hoja za kijana si za kupuuzwa. Stockfish iko chini ya leseni ya GPL, na leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuuchukua msimbo, kuubadilisha, kuusambaza, hata kuuuza, mradi awape wengine msimbo huo kwa masharti yale yale. Tena Stockfish yenyewe haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2008 Mwitaliano Marco Costalba aliichukua Glaurung, injini ya Mnorwe Tord Romstad, akaiboresha na kuipa jina jipya, jina la yule samaki mkavu anayetoka Norway na kwenda kupikwa Italia. Kama huo ni wizi, basi injini inayoheshimiwa kuliko zote duniani imezaliwa na wizi. Wala hakuna anayesema hivyo, kwa sababu Glaurung ilikuwa wazi na Costalba hakuificha asili yake.

Kuna pia suala la uwezo, na hapa moyo wangu huwa na kijana. Tangu 2013 Stockfish inapimwa kwa mfumo wa Fishtest, ambamo watu wa nchi nyingi huazima kompyuta zao zicheze michezo ya majaribio. Badiliko dogo, la kuongeza pointi mbili tatu za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji, huhitaji makumi ya maelfu ya michezo kabla ya kujulikana kama ni faida au ni bahati. Sisi tunapima kwa kipakatalishi cha mtumba, na stima ikipotea saa mbili usiku mechi imekufa ikiwa mchezo wa arobaini. Kumwambia mtu wa hali hiyo aanze ukurasa mtupu, kisha kumpambanisha na wenye mitambo, kunaweza kuwa njia ya heshima ya kumfungia mlango.

Kijana alinipa mfano mwingine ambao sikuwa na jibu lake mara moja. "Kule kwetu Ikolomani," alisema, "kwenye mapigano ya fahali, fahali akishinda, nani humuuliza mwenyewe kama alimzalisha au alimnunua?"

Nilikaa na mfano huo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba uwanjani kule anayeshindana ni fahali. Watu wamekuja kumwona yeye, nguvu zake na ujasiri wake, na mwenye fahali husifiwa kwa kumlisha na kumlea. Kama tungetangaza mashindano ya injini kali kuliko zote zinazopatikana Kisumu, ningempa zawadi bila neno, ingawa sijui tungekuwa tunatazama nini, maana Stockfish ingepambana na Stockfish hadi usiku. Sisi tulitangaza kwamba wanaoshindana ni waandishi. Leseni inasema unachoruhusiwa kufanya na msimbo wa mwenzako. Haikuandikwa ili ijibu swali la nani ameandika nini. Wanaonyanyua GPL kama ngao katika jambo hili wanajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Naomba nimlete mtu wa pili, kwa sababu yeye hatajwi katika mabishano haya.

Alimaliza wa saba. Ni dada anayefundisha hisabati shule ya msingi upande wa Ahero, na injini yake aliiandika kwa lugha ya C usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Ni dhaifu. Hupoteza farasi mapema kwa mitego ambayo mwanafunzi wake angeiona. Lakini mwandishi yeyote wa injini, kabla injini yake haijajua kucheza, lazima apitie hesabu inayoitwa perft: kuanzia mwanzo wa mchezo, zihesabu njia zote halali zinazowezekana. Kwa hatua moja ni 20. Kwa mbili, 400. Kwa tatu, 8,902. Kwa nne, 197,281. Kwa tano, 4,865,609. Namba hizi zinajulikana kote duniani, na yako ikitofautiana hata kwa moja, injini yako haijui kanuni za chesi.

Yake ilipatia nne za kwanza. Ya tano ikatoa 4,865,351. Pungufu ni 258.

Nataka msomaji aitazame hiyo 258, kwa sababu mimi siwezi kuisahau. Katika karibu milioni tano, mia mbili hamsini na nane hazipo, na mashine haisemi ni zipi. Kwa wiki tatu aliipitia programu mstari kwa mstari. Alishuku farasi, akashuku mfalme aliye hatarini, akashuku hata jedwali alilokuwa akijilinganisha nalo. Mwishowe aliacha skrini, akapanga kete za mbao juu ya dawati la darasa tupu, akacheza polepole kwa mkono. Askari mweupe asogee miraba miwili. Mweusi acheze chochote. Askari yule asogee tena, afike mstari wa tano. Sasa askari mweusi aruke miraba miwili na kutua ubavuni mwake. Kanuni inasema anaweza kuliwa kana kwamba alisogea mraba mmoja tu, mradi iwe papo hapo. Hiyo ni hatua ya tano hasa; kabla ya hapo jambo hili haliwezekani, ndiyo maana namba nne za kwanza zilikuwa salama. Programu yake ilikuwa ikiifuta kumbukumbu ya ule mruko kabla mpinzani hajapata zamu. Akauhamisha mstari mmoja wa msimbo, akaiendesha upya. 4,865,609.

Siku ile ya mashindano alisimama nyuma yangu nilipoandika ile d. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo yake ilihesabu sawasawa siku ya kwanza, kaka?" Nikasema ndiyo. Akafunga kipakatalishi chake, akakitia kwenye mfuko, na alipokuwa akiaga aliniambia nisimhesabu mara nyingine.

Wanaosema kwamba kukopi hakumuumizi yeyote, kwa kuwa Stockfish haipungui ikichukuliwa, wananionyesha Stockfish. Mimi naonyesha mlango aliotokea huyu dada. Watu wanaoweza kuandika injini kuanzia mwanzo katika eneo letu lote ni wachache mno. Kila anayeondoka anaacha pengo linaloonekana, na wanaoondoka si wenye injini za kukopi. Hao wana injini mpya kila toleo jipya la Stockfish linapotoka. Anaondoka yule aliyetumia wiki tatu kutafuta 258, kwa sababu ameona kwamba katika jedwali la matokeo wiki zake tatu na dakika kumi za mwenzake zinapimwa kwa mizani moja. Na akishaondoka, nani atamwonyesha mwanafunzi wa Ahero jinsi askari anavyoliwa ubavuni ndani ya programu?

Wakubwa wa mchezo huu nao waliyapitia haya, na sikubali kwamba yaliyowapata yanathibitisha upande mmoja tu. Rybka ya Vasik Rajlich ilishinda ubingwa wa dunia wa programu za chesi miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010. Mwaka 2011 ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta kinachoendesha ubingwa huo, kiliamua kwamba ilitokana na Fruit ya Mfaransa Fabien Letouzey na Crafty ya Mmarekani Robert Hyatt, ilhali kanuni ilitaka kazi halisi ya mshiriki. Mataji yakafutwa na Rajlich akafungiwa maisha. Yeye alikana. Aliwahi kusema wazi kwamba aliupitia msimbo wa Fruit mbele na nyuma na kujifunza mengi, na kujifunza si kosa. Letouzey alikuwa ameuacha msimbo huo wazi na kizazi kizima kilisoma humo. Shida ilikuwa kwenye alama zilizobaki. Ndani ya Rybka ya mwanzo wachunguzi walionyesha mahali ambapo muda unalinganishwa na sifuri iliyoandikwa kwa nukta, 0.0, ilhali muda wenyewe huko ni namba kamili. Katika Fruit, ambako muda huandikwa kwa desimali, sifuri hiyo ilikuwa na kazi. Wazo la mwenzako likipita kichwani mwako halibebi nukta yake isiyo na maana.

Hata hivyo adhabu ilizidi. Mwaka 2015 kamati ya maadili ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, iliionya ICGA kwa kumfungia mtu maisha bila kanuni inayoruhusu hivyo. Nakubaliana na kamati. Kanuni inayotungwa baada ya kosa humfanya msimamizi kuwa mshitaki na hakimu kwa pamoja, na nakiri kwamba fomu yetu ya Kisumu ilikuwa na kasoro ya aina hiyo. Ilisema "injini yako mwenyewe" bila kufafanua. Kijana aliyesoma "yako" akaelewa "uliyo nayo" hakuvunja neno lolote. Kwa hiyo simwiti mwizi, na waliomwita hivyo siku ile walimkosea.

Ila tusisahau upande wa pili wa Rybka. Taji la 2007 lilikabidhiwa injini ya Zappa na la 2008 ile ya Hiarcs, mwaka 2011. Miaka minne, miaka mitatu. Ukumbi ulishafungwa zamani, picha zilishapigwa na mtu mwingine akiwa katikati. Kuchelewa kuuliza nako kuna watu waliolipia gharama yake.

Kesi ya karibuni inanyoosha jambo zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya Kijerumani ChessBase ilianza kuuza Fat Fritz 2 kwa karibu euro 100. Kiini chake kilikuwa Stockfish, kikiwa na mtandao wa neva wa kwao, ile sehemu iliyofunzwa kukadiria hali ya ubao. Waandishi wa Stockfish, watu ambao wameigawa kazi yao bure miaka yote, walikwenda mahakamani Munich. Hawakulalamika kwamba msimbo umechukuliwa wala kwamba unauzwa. Leseni yao inaruhusu yote mawili. Walilalamika kwamba mnunuzi hakuambiwa ipasavyo anachonunua na haki alizo nazo juu yake. Mwezi wa kumi na moja 2022 wakapatana, na kampuni ikakubali kusimamisha uuzaji wa programu zenye Stockfish kwa mwaka mmoja. Kama wakarimu kuliko wote katika uwanja huu wanadai kutajwa, sisi wa chumba cha juu ya duka la simu tunawezaje kuambiwa kwamba kudai hivyo ni uchoyo?

Mpaka kati ya kujifunza na kunakili utabaki na ukungu, na sitajifanya kuwa na rula ya kuupima. Yule dada mwenyewe alichukua jedwali la thamani za kete kutoka kwenye maelezo yaliyo wazi, kama afanyavyo karibu kila anayeanza, na alilitaja juu ya faili lake kwa mstari mmoja. Mstari huo ndio ninaoutaka kwa wote. Anayeanzia kwenye Stockfish aje, akae meza ya pili, aonyeshe alichobadilisha na tukipime dhidi ya Stockfish ile ile isiyoguswa. Hapo kazi yake itaonekana ilivyo, na huenda akatushangaza.

Fomu mpya tumeshaichapa. Neno "yako" limeondolewa, na mahali pake pana swali: msimbo huu ulianzia wapi, na ni mistari ipi uliyoiandika wewe? Kijana wa Kakamega aliijaza Jumamosi. Ameandika Stockfish, na toleo lake, na chini yake mistari kumi na mmoja kwa mkono, kila mmoja na sababu yake. Ya mwalimu wa Ahero bado iko kwenye droo yangu. Nitampelekea mwenyewe wiki ijayo.