Kujitolea Ufukweni: Ufundi Unabaki kwa Nani?

Mwaka 2018 lilishushwa majini huko Lamu jahazi la mita 9 hivi, mkuku (uti wake wa chini), mataruma (mbavu zake) na mbao zake zote za plastiki iliyoyeyushwa, ubavuni limevikwa kandambili zipatazo 30,000. Linaitwa Flipflopi. Plastiki hiyo, karibu tani 10, iliokotwa fukweni na mitaani, na mchango wa waliojitolea ulikuwa mkubwa. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi, likitia nanga njiani ili watu wa pwani walione na kuzungumza.

Wanaotetea kazi za namna hii wana hoja nzito. Aliyeongoza ujenzi ni Ali Skanda, fundi wa Lamu, na waliofanya kazi chini yake walijifunza mambo mawili kwa mpigo: ufundi wa kale wa majahazi na namna ya kuitumia plastiki mahali pa mti. Kijana akiona takataka aliyoiokota mwenyewe ikikata maji, hahitaji hotuba ya mazingira.

Lakini tazama Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kisicho na mji wala soko. Mwaka 2019 watu 12 waliojitolea walifanya kazi kwa wiki 5, wakaondoa tani 25 za taka. Watafiti walikadiria kuwa zimesalia tani 500 hivi. Nyingi ni nyavu na kamba za uvuvi zilizoletwa na bahari, na kandambili zimo pia. Hapo hakuna mwanakijiji wa kuelimishwa. Mwenye kosa yuko mbali, na kuokota peke yake hakumfikii.

Kinachoniuma zaidi ni jasho la vijana. Aliyemaliza shule na hana kazi huitwa kwenye mafunzo ya siku mbili, hupewa fulana na cheti, hupigwa picha akiwa na gunia, kisha hujitafutia nauli ya kurudi kwao. Wenye uwezo ndio wanaomudu kujitolea miezi mingi, na hao ndio wanaoondoka na uzoefu. Wapo wanaosema ukishalipa posho, moyo wa kujitolea umekufa. Sikubaliani nao: nauli na chakula si mshahara.

Kwa maoni yangu, kazi hizi mbili, kuokota taka na kujifunza ufundi, zitenganishwe. Mwenye wiki moja aokote, apange na kuhesabu taka kwa aina na kampuni iliyozitengeneza, maana hesabu hiyo ndiyo itakayowekwa mezani sheria zinapotungwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Kwa chupa na vifungashio vingine pia, ushahidi kama huo unahitajika. Mwenye mwaka mzima akabidhiwe kwa fundi, alipiwe nauli na chakula, na akimaliza aondoke na zana zake.