Usishushe Giaboksi Kabla Hujasikiliza

"Klachi imekwisha, bosi. Tushushe giaboksi." Maneno haya yamenichosha. Wiki iliyopita ameambiwa kijana mmoja wa mtaani kwetu anayebeba mchele na maji ya chupa kwa kirikuu. Fundi alisimama kando ya gari, akasikia mlio, akataja bei. Ndani ya gari hakuingia, wala pedeli hakuikanyaga. Giaboksi ikashushwa, ikafungwa pleti mpya, presha pleti mpya na rilizi mpya (beringi inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi), gari likawashwa. Mlio uleule. Kijana amelipia seti nzima ya klachi pamoja na ufundi, na mzigo wa watu bado umelala ndani kwake.

Nilikwenda kulisikiliza mwenyewe. Gari lipo fri, yaani hakuna gia iliyoingia, hendibreki imevutwa, mguu hauko kwenye pedeli: unasikia mvumo mkavu kutoka chini ya kiti. Ukikanyaga klachi mpaka mwisho na kusubiri kidogo, mvumo haukatiki papo hapo. Unafifia taratibu mpaka kimya. Ukiachia pedeli, unarudi.

Jamani, hapo gari limeshasema linaumwa wapi. Ukiwa fri na klachi umeiachia, injini inazungusha shafti ya kuingilia giaboksi pamoja na ile ya pembeni inayobeba gia, hata kama gari limesimama. Ukikanyaga klachi, shafti hizo zinatenganishwa na injini na kuanza kupungua mwendo, na ndiyo maana mlio unafifia badala ya kukatika. Beringi za giaboksi zimechoka, na ya kwanza kushukiwa ni ile ya shafti ya kuingilia. Ungeweza kulifunga gari lile klachi tatu mpya kwa mpigo na mlio ungebaki palepale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba giaboksi ilikuwa chini, imelala juu ya gunia, shafti ikiwa wazi mbele ya macho yake. Ishike kwa vidole. Izungushe polepole, kisha itikise juu na chini. Beringi nzima inazunguka laini. Iliyochoka unaisikia kwenye ncha za vidole kama ina mchanga ndani. Kazi hiyo haihitaji mashine wala kompyuta. Lakini mtu aliyekwisha kuamua kwamba ni klachi hana sababu ya kugusa kitu kingine, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Fundi huyu mikono anayo, tena mizuri, alifunga ile klachi vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba aliamua kabla ya kusikiliza.

Sasa geuza mambo. Kama mguu ukiwa juu ni kimya, na kelele inaanza mara tu unapoigusa pedeli, hapo mshukiwa ni rilizi. Kirikuu nyingi ni za klachi ya waya, kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, angalia kama pedeli ina nafasi ya kuchezea. Waya ukikazwa kupita kiasi, rilizi inabaki imeegemea presha pleti muda wote na inakwisha kabla ya wakati wake. Madereva wanaopumzisha mguu juu ya klachi kwenye foleni ya Ubungo wanafanya uharibifu huohuo kwa mguu wao. Na kama ni mlio wa kukwaruza wa pedeli yenyewe au uma wa klachi, grisi kidogo inaweza kumaliza kesi.

Kuna na beringi ndogo iliyokaa mwisho wa kirenki (shafti kuu ya injini), kwenye magari yaliyo nayo. Hiyo inalia pale gari limesimama, gia imeingia, klachi imekanyagwa, kwa sababu wakati huo kirenki inazunguka na shafti imetulia. Ni beringi ya bei ndogo, na kuiacha ya zamani wakati giaboksi iko chini ni kumwibia mteja ufundi wa siku nyingine.

Gari likiwa barabarani kuna jingine. Magari mengi ya kuvuta nyuma yenye gia tano, gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja bila kuipitisha kwenye shafti ya pembeni. Mlio ukiwepo gia nyingine zote na kupungua sana kwenye ya nne, shuku beringi za shafti hiyo ya pembeni. Ukiwepo gia moja tu, ni gia hiyo. Na kama unaendelea kulia hata ukiwa umeweka fri na gari linaserereka, huku ukipanda na kushuka kwa mwendo wa gari, iache klachi kabisa. Nenda kwenye difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu, na beringi za magurudumu.

Gia kukwaruza wakati wa kuingia ni kesi ya peke yake. Injini ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini, lakini ukiiwasha rivasi inakwaruza? Klachi haiachii sawasawa: kaza waya, au toa hewa kama ni ya mafuta. Ikiwa ni gia ya pili tu, tena ukiwa kwenye mwendo, sinkronaiza ya gia hiyo, ile pete inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, imechoka.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wateja tumechangia. Fundi akisema anataka pesa ya kusikiliza tu, tunamwona tapeli; akisema anafungua, tunatoa pochi. Tumewazoesha kwamba kazi ni spana. Sawa. Basi tuanze kulipa ukaguzi. Fundi anayekaa kwenye usukani, akakanyaga, akaachia, akazunguka nalo mtaa mmoja na kurudi na jibu lenye sababu, amefanya kazi na anastahili malipo. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA wamefundishwa haya. Wanafika gereji wanakuta kinachosifiwa ni kasi ya kushusha.

Asiyeweza kuniambia mlio unatokea pedeli ikiwa wapi na gia ikiwa ipi, asinitajie bei ya spea. Simwonei. Na spea kuukuu azirudishe mkononi mwangu.

Kabla hata ya yote hayo, fungua nati ya pembeni ya giaboksi uingize kidole. Mafuta yakiwa chini ya usawa wa tundu, umeshapata sababu ya beringi kulia. Yakiwa na vumbi la njano linalometa, ni shaba ya sinkronaiza inayolika. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini, kama ipo, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida, na gari hilo lisibebe mzigo mwingine. Ukijaza, soma kitabu cha gari. Kama kimeandika GL-4, yaani daraja la mafuta ya gia, muuza duka wa Gerezani asikupe GL-5 kwa maelezo kwamba ni bora zaidi: ni ya utelezi ambao sinkronaiza haiutaki, na baadhi yake inakula shaba.