Kitana cha mwenye upara

"Shem, wewe usisahau kitana," shemeji aliniambia usiku ule tukipanga mizigo. Yeye abebe chakula na maji, mimi kitana. Nina upara unaong'aa kama sahani, na shemeji ni mtu wa utani. Nikacheka, nikalala.

Asubuhi, mwezi wa Aprili, tukaingia korongo la Aravaipa kule Arizona. Humo hakuna njia iliyotengenezwa, njia ni mto wenyewe. Unaingia majini, unatoka, unaingia tena, mara kifundoni, mara gotini. Miti ya mtoni imechipua majani mabichi, lakini ukipanda hatua chache tu kutoka ukingoni, uko jangwani kwenye miiba. Vibali hutolewa vya watu 50 tu kwa siku, kwa hiyo hatukuwa tumekutana na mtu yeyote. Nilitembea kama korongo ni shamba la baba.

Kokoto zikajaa viatuni. Nikapanda ukingoni nizimwage, nikaona jiwe zuri, nikakaa.

Juu ya jiwe kulikuwa na kipande cha cholla. Ni aina ya kaktasi ambayo watu husema inaruka. Hairuki. Vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo tu, na miiba yake ina vijino vinavyong'ang'ania kama ndoana. Nikaruka mimi kwa niaba yake.

Nikapeleka mkono nikiondoe. Sasa mkono na kalio vikawa kitu kimoja.

"Usishike!" Nilikuwa nimeshashika. "Kitana kiko wapi?"

"Cha nini?"

"Cha kung'olea hicho! Unapitisha meno chini yake, unakirusha huko. Ulidhani cha nini?"

Nikamwonyesha kichwa changu. Hakucheka.

Akatoa uma wa chakula cha mchana. Akaanza na mkono, akaja nyuma. Kipande kikaruka hadi mtoni, miiba ikabaki. Ikabidi suruali ishuke, niiname, nishikilie mwamba, shemeji apige magoti achomoe mmoja mmoja, na mimi naita kila aliyenizaa.

Ndipo wakatokea kwenye kona. Watu sita, tangu asubuhi hatujaona hata kivuli!

"Habari zenu," shemeji akawasalimia kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

Bibi mmoja aliyetangulia hakuuliza kitu. Akafungua begi, akatoa kitana na kikoleo kidogo, akampa shemeji, akageukia mto kwa heshima. Wengine watano hawakugeuka.

Baadaye tulikula, mimi nimesimama. Uma hakuna aliyeugusa.