Rekebisheni kichwa cha habari

Mhariri, kichwa kinasema tiba ya saratani ya matiti imepatikana. Nikisoma hadi chini nakuta ni kemikali mpya iliyoua seli za saratani ya matiti ziitwazo MCF-7 maabara. Seli hizo zilitoka kwa mtawa mmoja wa Marekani mwaka 1970 na zinaoteshwa mpaka leo. Hata jiki inaziua! Je, kemikali hiyo inaziacha seli zenye afya salama? Inafika kwenye uvimbe kabla ini halijaivunja? Hamjasema.

Tamoxifeni, dawa ya saratani ya matiti ambayo akina mama wengi wanaimeza kila siku, ilitengenezwa na Dora Richardson wa kampuni ya ICI, Uingereza, mwaka 1962. Na walichokuwa wakitafuta pale ni kidonge cha kuzuia mimba. Kwa wanawake ikafanya kinyume, ikachochea mayai kupevuka. Wakaigeuzia saratani, ikajaribiwa kwa wagonjwa kule Manchester, kibali cha Uingereza kikaja 1973. Miaka 11, na hiyo ni dawa iliyofaulu.

Dada yangu anatumia tamoxifeni. Jana kanitumia habari yenu, anauliza aache asubiri hiyo mpya? Nimemwambia asithubutu. Nyie badilisheni hicho kichwa.