Mwani wa Zanzibar: ubunifu upo, boti ni ya nani?

Tangu Dk. Hussein Mwinyi aingie madarakani Novemba 2020 na kuunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, hakuna hotuba Zanzibar inayopita bila bahari kutajwa. Ndani ya buluu hiyo wamo uvuvi wa bahari kuu, bandari, utalii, hata mafuta na gesi. Hapa nauchukua mwani peke yake, kwa sababu ahadi zake zinapimika. Umelimwa kwa zaidi ya miaka 30, unawagusa wakulima zaidi ya elfu ishirini ambao wengi wao ni akina mama, na kwa fedha za kigeni hutajwa wa tatu, nyuma ya utalii na karafuu.

Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, baada ya miaka ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ufundi wake hauna siri: vigingi viwili, kamba katikati, na vipande vya mwani vilivyofungwa kwa taitai, yaani nyuzi nyembamba za plastiki. Bamvua likifika na maji yakapwa, mama hutembea hadi shambani, akainama humo kwa saa nyingi, macho yakimwasha kwa chumvi. Baada ya wiki kama sita anavuna na kuanika. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu, na kilo hiyo, ikiwa ni ya spinosum, aina ya mwani ya bei ya chini, kwa miaka mingi imeuzwa kwa mia kadhaa za shilingi. Mara nyingi kamba ametoa mnunuzi, kwa hiyo mauzo ni kwake na bei ni yake.

Wanaotaka ubunifu, yaani mbinu mpya za kulima na kusindika mwani, wana hoja nzito, tena inaanzia kwenye maji yenyewe. Aina inayolipa ni cottonii, ambayo bei yake huwa karibu mara mbili ya spinosum. Lakini cottonii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakichemka na jua, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika, na mkulima hukuta kamba tupu. Maeneo mengi ya Unguja yamekwisha kuiacha. Mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya amelishughulikia hili kwa miaka mingi, na jawabu lililojaribiwa ni kuhamia kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi, na kupanda mwani ndani ya nyavu zenye umbo la mrija ili mawimbi yasiukate. Sioni namna ya kulipinga hilo. Bahari haitarudi kuwa ya mwaka 1989.

Wenye wasiwasi nao hawazungumzi upuuzi. Kwenye kina kifupi mtaji wa mama ni miguu yake. Kwenye kina kirefu pana boti, injini, mafuta, na haja ya kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa vijiji vya pwani hawakufundishwa ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka majini. Shamba likihama, linaweza kuhamia mikononi mwa wanaume bila mtu yeyote kupitisha uamuzi huo. Serikali imegawa boti kwa vikundi vya wakulima, na hilo ni jema, lakini boti ya kikundi ina maswali yake: nani nahodha, nani anajaza mafuta, injini ikiharibika nani anachangia? Jambiani kuna mfano mdogo wa kutazamwa. Katika mradi wa kulima sponji ulioanzishwa na shirika la Uswisi la Marine Cultures, wanawake hufundishwa kuogelea kama sehemu ya kazi yenyewe. Ni wachache, ndiyo, lakini mpangilio ni sahihi: kwanza mtu, halafu zana.

Kisha kuna sabuni. Kila maonyesho ya uchumi wa buluu yana meza yake: sabuni ya mwani yenye mafuta ya nazi na harufu ya mchaichai au karafuu, iliyofungwa vizuri, ikiuzwa kwa mtalii kwa bei inayozidi kilo kadhaa za mwani mkavu. Kwa kikundi kinachoitengeneza ni mkombozi, sina ubishi. Tatizo ni hesabu. Tuseme kipande kimoja kinabeba gramu kumi za unga wa mwani. Tani moja basi ni vipande laki moja, na Zanzibar huvuna tani zaidi ya elfu kumi kwa mwaka. Watalii hao wataoga mara ngapi? Sabuni inaweza kuinua kijiji kimoja au viwili vilivyo karibu na hoteli, lakini mkulima wa Pemba, ambako mwani mwingi hutoka, haimfikii.

Linaloweza kumfikia ni kiwanda, na ndiyo maana mradi wa kiwanda cha mwani cha serikali Chamanangwe, Pemba, unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko sabuni. Leo mwani husafirishwa mkavu. Viwanda vya nje huukamua utomvu uitwao karajinani, ambao huingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vya makopo. Kuukamua nyumbani ni wazo zuri, ila kunahitaji umeme wa uhakika, maji mengi yasiyo na chumvi, na mahali salama pa kumwaga majitaka yenye kemikali. Pia kiwanda kitauza katika soko lenye washindani wakubwa kama Indonesia na Ufilipino. Na karajinani ya cottonii si sawa na ya spinosum; kila moja ina wateja wake, na wa spinosum ni wachache zaidi. Bila kina kirefu hakuna cottonii ya kutosha, na bila cottonii kiwanda kitashindana kikiwa na mguu mmoja. Boti na kiwanda ni mradi mmoja, japo mara nyingi vinazungumzwa kama vitu viwili.

Kwa upande wangu, nawaunga mkono wa ubunifu kwa masharti mawili. Kwanza, bei ya chini ya kilo itangazwe kabla ya msimu, iandikwe kwenye mkataba, na kiwanda cha umma kifungwe nayo kama kampuni binafsi. Mkulima aliyekwisha kuuza kwa mnunuzi mmoja kwa miaka 30 hana sababu ya kushangilia mnunuzi mmoja mpya kwa kuwa tu ana bendera.

Pili, eneo. Mama wa Paje hulima kwa makubaliano ya kijiji, na mbele ya hoteli makubaliano hayo ni mepesi: mgeni anataka kuogelea, mwenye tiara ya kuteleza juu ya maji hataki vigingi, na siku moja kamba zinaombwa ziondoke. Mashamba yakihamia kina kirefu yatakutana na madema, nyavu na njia za boti za watalii. Mwenye hoteli ana hati ya ardhi yake. Kikundi cha mwani kipewe cheti cha eneo lake la bahari, chenye mipaka, muda na majina ya wanachama, na kipewe kabla injini ya kwanza haijawashwa.