Mawe ya Yaya

Goma huwezi kushtakiwa kwa kuokota jiwe, maana hakuna anayeyahesabu. Tangu volkano ya Nyiragongo imwage moto wake katikati ya mji Januari 2002, kila kiwanja kina rundo la mawe meusi: ya msingi, ya ua, ya kukalia, ya kukandamiza bati. Nayasema haya mapema ili mnihurumie.

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, ni msanii. Mwaka mmoja yeye na wenzake kumi, wote wanawake, waliandaa maonyesho ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Mmoja alileta picha alizopiga sokoni, mwingine vipande vya kitenge alivyounga mpaka vikawa Ziwa Kivu lenye mawimbi. Yaya alichonga mawe tisa ya volkano, nyuso tisa za akina mama. Kuchonga kwenyewe hakukuwa kwingi. Yeye husema uso umo tayari ndani ya jiwe, unauamsha tu. Hapa ameparuza jicho, pale mdomo. Ukisimama mbali unaona mawe. Ukisogea karibu, kusema kweli, bado unaona mawe, mpaka mtu akuonyeshe.

Mimi nilitumwa kuyapeleka. Nikakodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukasukuma hadi tukafika na jasho. Geti limefungwa, mlinzi kaenda kula. Mwenye chukudu ana haraka. Nikayashusha nje, nikayapanga vizuri, nikampigia Yaya: "Yamefika." Kisha nikaenda kunywa chai. (Chai ilichukua muda kidogo. Kulikuwa na mpira.)

Jambo moja sikuliangalia: jirani wa pale alikuwa anajenga ukuta.

Niliporudi hapakuwa na hata kokoto. Fundi akanisalimia kwa furaha, mwiko mkononi.

"Ndugu, mwenye alileta ile mawe, Mungu amubariki! Ilikuwa imeshachongwa kidogo."

Tukaanza msako kwa tochi ya simu, mimi na yeye, pua kwenye simenti mbichi.

"Hii?"

"Hapana, hiyo ni jiwe."

"Na hii?"

"Hiyo ni mama… ngoja. Hapana, jiwe."

Giza lilipoingia tulikuwa na akina mama sita, mmoja kichwa chini. Yaya akafika. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, lote, na hapo nikajua nimekwisha. Akaamuru ukuta ubomolewe. Jirani akatoka na kandambili zake: ukuta ni wake, mawe yalikuwa barabarani, na barabara haina baba.

Kesho yake kibao cha kazi ya Yaya kikapigiliwa kwenye ukuta wa jirani. Wageni walitoka nje na juisi zao, wakainama, wakatikisa vichwa kama wajuzi. Fundi alikuwa amesimama kando, shati limenyooshwa, akieleza: "Huyu nilimulaza kwa ubavu, pua ilikuwa inasumbua." Watu wawili waliandika kwenye daftari.

Mama mmoja mnene, kitenge kipya cha Machi 8 mwilini, akapitisha macho ukuta mzima, kisha akagusa jiwe moja la chini.

"Huyu ndiye amenishika moyo. Ni bei gani?"

Yaya akalitazama lile jiwe. Hakuwahi kuligusa maishani mwake. Akamtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

Kutoka ndani ya ua, sauti ya jirani ikajibu:

"Dola mia! Na usafiri juu yako!"